Hesabu za Einstein: jibu lipi lilikubaliwa na mbingu, na lipi lilibaki kwenye karatasi?

Motari wa Goma ao wa Bukavu akiitwa na mteja katika mtaa asioujua, anafungua ramani kwenye telefone. Kitone kidogo cha buluu kinamwonyesha pale alipo, kwa kosa la metre chache tu. Wengi wanafikiri ni kazi ya setilaiti peke yake. Kumbe kile kitone kisingekaa mahali pake bila jibu la hesabu ambalo askari mmoja Mjerumani aliliandika mwishoni mwa mwaka 1915, akiwa kwenye uwanja wa vita vya kwanza vya dunia.

Jibu lile lilitoka katika nadharia ya Albert Einstein inayoitwa nadharia ya uhusianifu wa jumla. Toka wakati ule wataalamu wamepata majibu mengi ndani ya nadharia hiyo moja. Mengine yamethibitishwa, yakaingia hata mfukoni mwa motari. Mengine ni hesabu safi kabisa, hazina kosa, lakini hakuna mtu aliyewahi kuona kitu kinachofanana nazo. Sasa, namna gani wanatofautisha? Ni nani anasema hili ni kweli na lile ni la karatasi tu?

Shamba la metre 25 za mraba

Tuseme mkulima wa Masisi ana shamba la mraba lenye eneo la metre za mraba 25. Mwanafunzi wa sekondari anaulizwa: upande mmoja una metre ngapi? Akifanya hesabu vizuri atapata majibu mawili: 5, na pia 5 ya kutoa (−5), maana −5 mara −5 nayo inaleta 25. Kwenye karatasi majibu yote mawili ni sawa. Lakini hakuna kamba inayoweza kupima upande wa −5. Mkulima anachukua 5, ile ingine anaiacha.

Milinganyo ya Einstein inafanya kazi kwa namna hiyo, lakini ni migumu zaidi. Ni kumi, na imefungamana. Upande mmoja unasema vitu vizito na nishati viko wapi; upande wa pili unasema nafasi na wakati vinapinda namna gani kwa sababu ya vitu hivyo. Kwa Einstein, uvutano si kamba isiyoonekana inayovuta jiwe lianguke. Jiwe linafuata njia iliyo nyepesi zaidi katika nafasi na wakati ambavyo uzito wa dunia umevipinda.

Milinganyo hiyo haisemi peke yake ulimwengu uko namna gani. Lazima mtu aanze na wazo: "Tuseme kuna kitu kimoja cha duara, na pembeni yake ni utupu." Ao: "Tuseme vitu vimetawanyika sawasawa kila mahali." Kila wazo linaleta jibu lake. Kazi ya karatasi inaishia hapo, kisha inaanza kazi ya kwenda kuangalia.

Jibu la kwanza: barua kutoka vitani

Einstein alimaliza milinganyo yake mjini Berlin mwezi wa Novemba 1915. Yeye mwenyewe alifikiri itakuwa vigumu sana kupata jibu kamili. Alitumia makadirio tu. Lakini tarehe 22 Desemba 1915, mbele ya mwezi mmoja kupita, alipelekewa barua na Karl Schwarzschild, mwalimu wa elimu ya nyota aliyejitolea kuwa askari. Schwarzschild alikuwa amepata jibu kamili la kitu kimoja cha duara, kama vile jua ao dunia, kikiwa peke yake katika utupu. Einstein alilisoma mbele ya wataalamu wa Berlin mwezi wa Januari 1916. Schwarzschild mwenyewe hakuona mwaka ule ukiisha: ugonjwa wa ngozi ulimshika vitani, akafa tarehe 11 Mei 1916, akiwa na umri wa miaka 42.

Jibu lake linasema mambo mawili yanayoweza kupimwa. La kwanza: mwanga unaopita karibu na jua lazima upinde kidogo. La pili: saa iliyo karibu na kitu kizito inatembea polepole kuliko saa iliyo mbali.

Kivuli kilichofika Tanganyika

Jambo la kwanza lilipimwa Afrika na Amerika ya Kusini. Ili kuona nyota zilizo pembeni ya jua, lazima jua lifunikwe na mwezi. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa kabisa, na kivuli kilipita kutoka kaskazini mwa Brazili, kikavuka bahari ya Atlantiki, kikagusa kisiwa cha Príncipe, kisha kikakata Afrika ya kati hadi upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Upande huo ni Kongo. Waingereza waliotayarisha kazi ile walifikiria mahali patatu pa kuweka vyombo vyao, na pa tatu palikuwa hapo magharibi mwa ziwa. Mwishoni walichagua mbili tu: Sobral nchini Brazili, na Príncipe, ambako Arthur Eddington alikwenda mwenyewe.

Wakaaji wa pande zile za ziwa waliona mchana ukigeuka giza jua likiwa linaelekea kuzama, bila kujua kwamba watu wa mbali walikuwa wakipiga picha za kitu kile kile ili kuamua kati ya Newton na Einstein.

Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo sana. Ukigawanya digrii moja ya pembe mara 3,600, unapata sekunde moja ya pembe. Kwa Einstein, mwanga ulio pembeni kabisa ya jua ulipaswa kupinda kwa sekunde 1.75. Kwa hesabu iliyofuata Newton, nusu tu ya hiyo. Ni kama kutazama kitu cha sentimita 1 ukiwa mbali zaidi ya kilometre 1. Príncipe kulikuwa na mawingu siku ile, na picha chache tu zilifaa, zilitoa 1.61. Zile nzuri za Sobral zilitoa 1.98. Hakuna iliyogonga 1.75 barabara, lakini zote zilikuwa karibu na Einstein kuliko Newton. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919. Vipimo vya miaka iliyofuata, vyenye usahihi mkubwa zaidi, vimeendelea kumpa Einstein haki.

Saa za juu na saa za chini

Jambo la pili, lile la saa, linagusa telefone. Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kwenye urefu wa kilometre karibu 20,200. Kila moja imebeba saa ya atomi na inatuma ujumbe unaosema: "Sasa ni saa fulani, mimi niko mahali fulani." Telefone inapokea ujumbe wa setilaiti nne ao zaidi, inapima kila ujumbe umechelewa kiasi gani njiani, ndipo inajua iko wapi. Mwanga na redio vinakwenda kilometre 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa metre 300.

Kule juu uvutano umepungua, kwa hiyo saa zinakimbia: zinazidi za chini kwa sehemu 45 za milioni ya sekunde kila siku. Lakini pia setilaiti inakwenda kwa kasi kubwa, na kasi inachelewesha saa kwa sehemu 7. Ukitoa, zinabaki 38. Kama hakuna anayerekebisha, kosa la umbali linakua kwa kilometre karibu 11 kila siku. Siku ya pili motari angeonyeshwa mbali na alipo karibu kama kutoka Goma mpaka Sake.

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha setilaiti ya majaribio NTS-2, na kwa siku 20 waliiacha saa yake bila marekebisho, ili kuona kama kweli itakimbia. Ilikimbia, karibu sawasawa na hesabu. Toka hapo saa za GPS zinapunguzwa mwendo kidogo mbele ya kurushwa, ili zikifika juu zilingane na za chini.

Jambo hilo liko hata kwenye milima ya Kivu. Saa ikiwekwa juu ya Nyiragongo, kwenye metre karibu 3,470, na ingine ibaki Goma kando ya ziwa, ile ya juu itatangulia kwa sehemu karibu 7 za milioni ya sekunde kwa mwaka. Hakuna mtu atakayezeeka haraka kwa sababu ya kupanda mlima. Lakini saa za atomi za leo zinaweza kuona tofauti ndogo kuliko hiyo.

Tena, vituo vya GPS vilivyowekwa kuzunguka Nyiragongo na Nyamulagira vinapima namna ardhi inavyovimba na kujongea, kwa milimita. Kipimo cha namna hiyo kinasaidia wataalamu wa volkano kufuatilia kinachoendelea chini ya miguu ya wakaaji. Nacho kinategemea saa zilizorekebishwa kwa jibu la Schwarzschild.

Ndani ya jibu hilo hilo kulikuwa na kitu ambacho wengi walikikataa kwa miaka. Hesabu inasema kwamba kitu kikibanwa sana, hata mwanga hautoki tena. Jua lingepaswa kubanwa mpaka libaki na nusu-kipenyo cha kilometre 3. Dunia nzima mpaka milimita 9. Einstein mwenyewe aliandika mwaka 1939 kwamba vitu kama hivyo haviwezi kutokea kwa kweli. Kwake ilikuwa ile −5 ya shamba. Lakini tarehe 14 Septemba 2015 vyombo vya LIGO nchini Marekani vilisikia mtikisiko wa mashimo meusi mawili yaliyogongana mbali sana, na tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lile lililo katikati ya galaksi M87. Uzito wake ni kama wa majua bilioni 6.5.

Jibu la pili: padri wa Ubelgiji

Schwarzschild alianza na kitu kimoja. Wengine waliuliza swali kubwa zaidi: tukichukua ulimwengu mzima, wenye vitu vilivyotawanyika karibu sawasawa kila upande, milinganyo inasema nini?

Mrusi Alexander Friedmann alijibu mwaka 1922: ulimwengu kama huo hautulii, unaweza kupanuka ao kusinyaa. Einstein alikuwa ameshika wazo la ulimwengu usiobadilika. Mwaka 1917 aliongeza hata namba moja kwenye milinganyo yake ili ulimwengu ukae kimya. Kwanza alisema Friedmann amekosea hesabu. Mwaka uliofuata alikubali kwamba hesabu ilikuwa sahihi, lakini hakuamini kwamba inahusu ulimwengu wa kweli. Friedmann alikufa mwaka 1925, akiwa na miaka 37, bila kuona nani alikuwa na haki.

Mwaka 1927 padri Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, kile kile kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954, alipata jibu hilo tena bila kujua kazi ya Friedmann. Lemaître alizidi kwa jambo moja: alichukua vipimo vya galaksi vilivyokuwepo na kuonyesha kwamba galaksi zinaachana, na kadiri moja iko mbali, ndivyo inavyokwenda haraka. Aliandika kwa Kifaransa, katika gazeti la kisayansi la Bruxelles ambalo wachache walilisoma. Alipokutana na Einstein mjini humo mwaka ule ule, Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sawa lakini fizikia yake haifai kabisa.

Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble alitoa vipimo vyake: galaksi za mbali kweli zinaachana. Kufikia mwaka 1931 Einstein aliacha wazo lake la ulimwengu uliotulia.

Namna ya kuelewa ni hii. Mama anakanda unga wa mikate, anatia hamira na karanga. Unga ukivimba, kila karanga inaona zingine zikienda mbali, na zile za mbali zinakwenda haraka kuliko za karibu. Hakuna karanga iliyo "katikati", na hakuna inayotembea yenyewe. Ni unga unaopanuka. Galaksi ni karanga, nafasi ni unga.

Watu huuliza: kama kila kitu kinapanuka, basi Goma na Bukavu zinaachana? Hapana. Dunia, jua na galaksi yenyewe vimeshikwa na uvutano wao, havivimbi, kama vile karanga yenyewe haivimbi. Kweli, bonde la ufa la Kivu linafunguka kwa milimita chache kila mwaka, lakini hiyo ni kazi ya miamba ya dunia, haihusiani na galaksi.

Lemaître alirudi nyuma katika hesabu: kama leo vitu vinaachana, zamani vilikuwa pamoja. Mwaka 1931 alipendekeza kwamba ulimwengu ulianza ukiwa umebanwa sana, kama atomi moja ya kwanza. Alama ya kukubali ilifika wakati anakaribia kufa. Arno Penzias na Robert Wilson, kwa antena kubwa ya redio huko New Jersey, walikuta mlio mdogo unaotoka pande zote za mbingu, usiku na mchana. Ulikuwa ni mabaki ya joto la mwanzo, leo yamepoa hadi karibu digrii 270 chini ya sifuri. Matokeo yalitolewa mwaka 1965. Lemaître alipewa habari hiyo akiwa mgonjwa, akafa tarehe 20 Juni 1966. Leo umri wa ulimwengu unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Jambo moja linasahaulika mara nyingi: Lemaître, pamoja na upadri wake, hakutaka hesabu zake zitumike kama ushahidi wa dini. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipozungumza akikaribisha wazo la mwanzo wa ulimwengu upande wa uumbaji, Lemaître hakufurahi. Kwake, swali la galaksi linajibiwa kwa vipimo, na swali la imani lina njia yake.

Jibu la tatu: ulimwengu ambao mtu anarudi jana

Sasa tufike kwenye −5 ambazo bado zimebaki −5.

Mwaka 1949, Einstein alipotimiza miaka 70, rafiki yake Kurt Gödel alimpa zawadi ya ajabu: jibu jipya la milinganyo yake. Ndani yake ulimwengu mzima unazunguka, na msafiri anaweza kufuata njia fulani akarudi katika wakati wake uliopita. Hesabu haina kosa. Lakini ulimwengu wa Gödel haupanuki, na ule mlio wa New Jersey ukipimwa vizuri hauonyeshi mzunguko wa namna hiyo. Mbingu zimekataa.

Kuna pia "madaraja" yanayounganisha sehemu mbili za mbali, ambayo Einstein na Nathan Rosen waliyaandika mwaka 1935, na ambayo filamu nyingi zimeyapenda. Mwaka 1962 John Wheeler na Robert Fuller walionyesha kwamba daraja la namna hiyo linakatika haraka hata mwanga hauwahi kuvuka. Hakuna daraja ambalo limeonekana mpaka leo.

Na namba ile ambayo Einstein aliongeza mwaka 1917, kisha akaitupa? Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu yalipima nyota zinazolipuka mbali sana, yakakuta kwamba upanuzi hauchelewi, bali unaongezeka mwendo. Namba iliyotupwa ilirudi mezani. Inasaidia kueleza jambo hilo, ingawa kiini chake bado ni fumbo.

"Sasa hiyo iko na faida gani?"

Ni swali la haki kwa mkaaji wa Ituri, Maniema ao Kivu anayetafuta kwanza usalama, barabara na bei nzuri ya mihogo. Faida ya kwanza iko mfukoni: ramani ya telefone, na vipimo vya volkano.

Ya pili inafaa kuangaliwa na kila mwanafunzi. Einstein alikuwa na jina kubwa kuliko wote, na hata vile alikosea mara mbili juu ya hesabu zake mwenyewe: alikataa ulimwengu unaopanuka, na alikataa mashimo meusi. Hesabu nzuri peke yake nayo haikutosha, maana ya Gödel ilikuwa nzuri na imebaki kwenye karatasi. Kilichoamua si ukubwa wa jina, wala uzuri wa maneno. Ni picha chache zilizopigwa kati ya mawingu kisiwani Príncipe, saa moja iliyoachwa ikimbie siku 20, antena moja iliyosikia mlio usiotarajiwa.

Katika jimbo la Tanganyika, pale magharibi mwa ziwa ambapo vyombo havikufika mwaka 1919, kivuli cha mwezi kilipita bila mtu wa kupima. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli kingine kilipita Kongo na kuingia kaskazini mwa Uganda. Vingine vitakuja. Mwalimu wa fizikia aliye na kadi yenye tundu dogo na karatasi nyeupe ya kupokea mwanga anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jua likiliwa na mwezi, bila mtu kulitazama kwa macho matupu. Na pale pale anaweza kuwaambia kwamba siku moja, kivuli kama hicho kilipokuwa njiani kuelekea ziwa lao, kilisaidia kuamua jibu lipi ni la kweli.